Gauni la Sikukuu ya Mavuno

Njombe, Jumatatu, 22 Aprili 2024

Elius wangu,

Mchungaji ameniambia mjane asikae na maneno kifuani. Watu nao wameshaondoka, hata wale wa Mdandu waliobaki kunisaidia viazi. Kwa hiyo nitakuandikia wewe, kama vile bado uko kwenye cherehani na mimi niko jikoni napaza sauti.

Jana ukoo ulikaa kumaliza msiba. Nguo zako ziligawiwa vizuri, hakuna aliyegombana. Koti la kahawia amepewa baba yako mdogo, mzee Mika. Mikono inamzidi urefu, lakini alilivaa palepale na hakulivua mpaka alipoondoka. Ilipofika zamu ya cherehani, mdogo wako Sila akasimama. Alikuwa amefika kutoka Makambako asubuhi ileile, viatu vyake bado vina tope.

"Shemeji," akasema, "cherehani ni chombo cha kazi. Kikilala kinakufa. Binti yangu Jenifa amemaliza chuo cha ushonaji na anashonea cherehani ya kuazima. Wewe hata kutia uzi hujui."

Kweli sijui. Tangu tuoane sijavaa nguo ambayo haikupita mikononi mwako, hata gauni la ndani. Nilikuwa naona mke wa fundi akijifunza kushona ni kama anamwambia mumewe amechoka naye. Lakini mdomo wangu ulijisemea wenyewe:

"Nitashona mimi."

Wakacheka. Si kwa ubaya. Hata mimi nilicheka. Sila peke yake hakucheka. "Basi Sikukuu ya Mavuno tukuone umevaa gauni ulilokata na kushona mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Ukilivaa, cherehani ni yako na sitaiuliza tena. Usipolivaa, nakuja na gari."

Mzee Mika akasema hiyo ni haki. Nami nikasema ni haki.

Leo nimekaa kwenye kiti chako kwa mara ya kwanza. Moyo unanidunda kama msichana wa kipaimara.

24 Aprili

Uzi umekatika.

25 Aprili

Uzi umekatika. Mvua.

27 Aprili

Miguu yangu inakanyaga kinyume. Gurudumu likirudi nyuma, uzi unajisokota chini ya kitambaa kama nywele za mtoto aliyelala bila kusukwa. Jirani yetu Vestina alipita akitoka sokoni, akachungulia dirishani.

"Kamwene, Fundi!"

"Kamwene. Usinicheke."

"Sicheki. Nauliza tu, hiyo cherehani unaiendesha rivasi mpaka wapi? Uwemba?"

Unamjua Vestina. Akaingia, akaweka kikapu chini, akaniambia nitoe kitambaa na uzi, nikanyage tu. Tukakaa hivyo, yeye akila mahindi ya kuchemsha, mimi nikikanyaga hewa. Kabla hajamaliza gunzi la pili gurudumu likaanza kunitii. Likazunguka, likazunguka! Elius, nyumba yote ikajaa ile sauti. Vestina akaacha kutafuna. Tuliisikiliza tu.

3 Mei

Nimeshona foronya. Mto hauingii. Nimefurahi mno hata hivyo.

4 Mei

Foronya ya pili. Mto umeingia, lakini hautoki.

12 Mei

Mvua imekatika, ukungu ndio unaokuja. Baada ya ibada nilifungua sanduku la vitambaa, lile la mbao chini ya kitanda. Nilivitandaza vyote, nikakaa katikati yake kama mtu aliyetembelewa na wageni.

Kiko kile chekundu cha mama yako, alichonipa nilipokuja kwenu akasema nisikikate mpaka nizoee moshi wa jiko lake. Sijakikata mpaka leo, na moshi nimeuzoea. Kiko kipande cha mistari kilichobaki kwenye mashati ya wanakwaya. Kiko cha zambarau tulichonunua Makambako siku lori lilipoharibika, tukashinda stendi kwenye upepo, ukanifunika nacho kichwa wewe mwenyewe ukibaki na vumbi kwenye nyusi. Na kiko cha manjano chenye maua ya bluu. Hicho ulikileta mara ya mwisho. Ulikiweka mapajani mwangu ukasema, "Nikipata nafuu nakukatia." Hukupata.

Nilidhani nitalia nikikishika. Badala yake nilikipeleka dirishani kwenye mwanga na nikajiona nimekivaa. Nilijiona kabisa, Elius, mpaka pindo. Nimechagua hicho.

19 Mei

Sasa nina kitambaa, lakini sijui kukata. Wewe hukuwa na karatasi za kukatia. Ulikuwa unamtazama mtu, unatia chaki, unakata. Nimeuliza, nikaambiwa njia ya asiyejua ni moja: chukua gauni linalokukaa vizuri kuliko yote, lifumue, kila kipande kiwe kielelezo.

Gauni linalonikaa vizuri kuliko yote ni lile la kijani, lenye mikunjo kiunoni. Nimelishika wembe mkononi asubuhi nzima. Mwisho nikaanzia kwenye pindo, ambapo hapaumi sana.

21 Mei

Kumbe ndani ya nguo kuna mambo. Kwenye mbavu, kila upande, umeacha kitambaa cha ziada, upana wa vidole vitatu. Nimemwonyesha Vestina. Akasema, "Alikuwa anakusubiri unenepe." Tumecheka mpaka nikapaliwa na chai.

Kitu kimoja tu sikukielewa. Kwapa umelikata kubwa, refu kwenda chini, kama mdomo wa kikapu. Mkono nao ni mpana. Pengine siku hiyo ulikuwa umechoka. Nimelipitisha tena na tena kwenye mkono wangu mtupu na naona nafasi ya bure.

Makambako, Jumamosi, 8 Juni

Nakuandikia nikiwa mezani kwa Jenifa, kibandani kwake karibu na reli. Nilikuja nikiwa nimejiandaa kwa vita. Nilidhani atanitazama kama mtu aliyekalia mali yake. Alipoona nashuka alikuja akikimbia, sindano zimebanwa kifuani, akanipokea mkoba.

"Shikamoo mama mkubwa! Umekuja na hilo gauni? Nilione."

Nikamtandazia vipande vya kijani mezani. Akavipapasa kama mtu anayesoma. "Baba mkubwa alikuwa na mkono," akasema. Kisha alipofika kwenye kwapa akacheka. "Lakini hili, mama mkubwa? Hili ni la gunia. Chuoni tungeambiwa turudie. Siku hizi kwapa linakaa juu, linabana vizuri, mkono mwembamba. Utaonekana msichana."

Elius, nani hataki kuonekana msichana?

Alinichorea mstari mpya kwenye gazeti. Alinifundisha kulaza kitambaa ili maua yasisimame vichwa chini. Nilipomwomba akate walau shingo tu, alirudisha mikono nyuma. "Mkasi siugusi. Baba asije akasema nimekushonea." Cherehani hakuitaja hata mara moja, na ile anayoazima inaruka mishono mpaka inatia huruma. Nilimwonea aibu kidogo, kisha nikajiuliza kwa nini nimwonee aibu mtoto aliyenifurahia.

Sila alipita jioni kunisalimu. Amekonda. Alisimama mlangoni, hakuingia. Akavitazama vipande vya kijani kwa muda, akasema tu, "Siku zinakwenda, shemeji."

15 Juni

NIMEKATA.

Nilifunga mlango, nikasali, nikakata. Mkasi wako unasema kwa meno, kile kitambaa kikawa kinafunguka mbele yake kama njia kwenye nyasi. Nilipomaliza nilikuwa natoka jasho, na nje kuna baridi ya kupasua midomo.

18 Juni

Mafuta ya cherehani yameganda. Gurudumu zito kama la mkokoteni. Nimekumbuka ulivyokuwa unaweka jiko la mkaa chini yake asubuhi na mimi nalalamika kwamba unaipasha moto cherehani kabla ya mkeo. Nimeliweka palepale. Baada ya muda ikalainika.

22 Juni

Mahindi yanavunwa kwa Vestina. Nimesaidia kubeba. Mikono ina michubuko, sijashona.

26 Juni

Mkono wa kushoto niliushona ndani nje. Nimefumua.

27 Juni

Mkono wa kushoto niliushona kwenye kwapa la kulia. Nimefumua. Nimekula viazi nikalala mapema.

30 Juni

Mikono yote miwili imekaa mahali pake. Nilipiga kelele peke yangu.

6 Julai

Limeisha! Saa sita mchana, jua limetoka, nililivaa nikatoka nalo uani. Vestina aliliona toka kwake, akaacha kupepeta, akaja akipiga vigelegele. Akanizungusha. Akatafuta kasoro kwa macho yake yote mawili, akaikuta ya pindo nyuma, akasema ile ni ya Mungu kuchekea.

Na mabaki yametosha kilemba! Nilijitazama kwenye kioo chako kirefu. Mbavu zimenikaa, kiuno kipo, kwapa limekaa juu kama la wasichana wa Makambako. Elius, nimeshona gauni. Mimi!

11 Julai

Ukungu haujanyanyuka leo kutwa. Viazi vya bondeni vimeunguzwa na baridi.

Jumapili, 14 Julai. Sikukuu ya Mavuno

Nakuandikia ndefu leo. Vumilia.

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe. Niliota moto, nikavaa sweta langu la kijivu kama kila mwaka, kisha nikachukua gauni nilivae juu yake, maana nani anakwenda kanisani siku kama hii nguo mpya ikiwa imefichwa? Mkono ukaingia mpaka kwenye kiwiko, ukakwama. Nikautoa. Nikajaribu mwingine. Ukakwama.

Nilikaa kitandani na gauni magotini. Hapo ndipo nikaelewa.

Lile kwapa halikuwa la uchovu, wala la gunia. Ulikuwa unanikatia mimi pamoja na sweta langu. Miaka yote nilikaa kanisani nina joto ndani na maua yangu yanaonekana nje, wenzangu wakitetemeka au wakificha vitenge vyao chini ya makoti, nami nikadhani nguo ndivyo zilivyo. Wewe hukusema. Na mimi nilipima mkono mtupu, nikalijaribu gauni juani, nikakusahihisha!

Nilitamani kurudi kitandani. Lakini Vestina alikuwa ameahidi kunisindikiza, ingawa kwao Wakatoliki misa imeshapita, na alinikuta hivyo.

"Vaa sweta juu."

"Hawataliona gauni."

"Basi vaa bila sweta."

"Nitakufa."

"Usife leo, leo kuna mnada wa mavuno." Akavua sweta lake jembamba la ndani, lile lililofumwa Uwemba, akanivua langu akanivisha hilo, kisha akanisukumia gauni kwa nguvu kama anayejaza gunia la mkaa. "Toa pumzi! Haya. Mikono usiinue mpaka Jumatatu."

Nikaenda kanisani mikono imenata ubavuni kama askari. Sila na Jenifa walikuwa wamefika. Sila alinitazama toka kilemba mpaka viatu, akasema:

"Limependeza, shemeji."

"Asante."

"Limependeza mno. Hili ni la Yohanes, yule fundi wa sokoni."

"Nimeshona mimi, Sila."

"Kwa miezi mitatu? Kaka alijifunza miaka." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaka kuamini na anaogopa. Mzee Mika, ndani ya koti lako, akasema tuliache, tutaongea baada ya mnada. Ibada yote sikusikia neno. Nilikuwa nafikiri: nimelishona kweli, nami nitanyang'anywa kwa sababu limependeza.

Baada ya ibada tukatoka uani. Mahindi, maharage, maparachichi, kuku. Mzee Mika ndiye mnadi, unamjua akishaanza. Akamnyanyua jogoo mweupe. "Huyu hajawahi kuchelewa ibada! Nani anamtaka?" Mimi nilimtaka, Elius. Nilimtaka nikasahau kila kitu. Nikainua mkono.

Krrraaa!

Kwapa lote, toka mbavu mpaka karibu na kiwiko. Sweta la Vestina likachomoza hapo, la rangi ya chungwa, na watu wote wa Mungu wakaliona. Kicheko kilianzia kwa kina mama, kikaenda mpaka kwa mchungaji. Vestina ndiye aliyecheka kuliko wote. Nilitaka ardhi inimeze.

Jenifa alinijia mbio anifunike na khanga. Kabla hajafunika akaushika ule mpasuko, akaupindua, akautazama ndani. Akamwita baba yake.

"Baba, njoo uone. Huyu ni fundi gani? Mishono mingine kama mchele, mingine kama maharage. Hapa amerudia mara tatu. Hapa hakufunga uzi kabisa. Mimi ningepeleka hii chuoni ningefukuzwa!"

Sila akainama, akatazama. Akapitisha kidole kwenye mishono. Kisha akaanza kucheka, cheko lako lilelile, la mabega. "Yohanes hawezi kushona vibaya hivi," akasema. "Hata akilipwa."

"Ushahidi umepokelewa!" mzee Mika akapaza sauti. "Na jogoo ni wa mama mwenye kwapa!"

Niliwakaribisha nyumbani kula. Lakini sikuwa tayari cherehani ibaki kwangu kwa sababu ya nguo iliyochanika. Niliwaacha na chai, nikavua kilemba, nikakikata. Vipande viwili, kila kimoja upana wa kiganja, vya kupachika chini ya makwapa. Jenifa alinyanyuka kusaidia, nikamwambia, "Kaa, mwanangu. Nitazame tu." Nikaweka jiko chini ya cherehani, nikasubiri ilainike, nikakaa.

Nilishona wote wakiwepo. Miguu haikurudi nyuma hata mara moja. Kwapa la kwanza likaingia. Nilipoinua macho, Sila hakuwepo chumbani. Kupitia dirishani nilimwona uani, ameupa mlango mgongo, mkono ameuweka kwenye mti wa mwati. Nikashona la pili. Nikakata uzi, nikavaa sweta langu la kijivu lile nene, nikavaa gauni juu yake. Likaingia. Nikainua mikono yote miwili juu, Vestina akapiga kigelegele kilichomwamsha jogoo kikapuni.

Sila akarudi ndani. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilijua atasema juu ya cherehani, nami nilikuwa nimejiandaa.

"Endelea kidogo, shemeji," akasema.

"Nimeshamaliza."

"Najua. Endelea tu."

Nikakaa tena. Nikatoa uzi, nisije nikaupoteza bure, nikakanyaga. Akaketi kwenye kile kistuli ambacho wateja wako walikuwa wanasubiria, akainamisha kichwa, akasikiliza. Kumbe huyu mtu hakuwa anaitaka cherehani kwangu, Elius. Hakuweza kuvumilia kuisikia imenyamaza. Na mimi tangu Aprili nimekuwa nikimwandika hapa kama mtu wa kuogopwa.

Nilikanyaga mpaka chai yao ikapoa.

16 Julai

Mikono inauma. Jogoo anawika kabla ya muda wake. Vestina amesema uongo wa mnadi haukomi.

Jumapili, 21 Julai

Sila alipiga simu jana. Alisema neno lake ni lilelile, cherehani ni yangu. Kisha akakohoa, akaniuliza kama nina nafasi ya kumlaza Jenifa. Jenifa mwenyewe ameomba. Anataka kujua kukata nguo ya kuvaliwa na sweta. Anasema chuoni hawakufundishwa, na wanawake watatu walimfuata palepale kwenye mnada kuuliza. Nikamwambia Sila, Jenifa aje hata kesho.

Amefika leo na sanduku lake. Tumetandaza vipande vya kijani mezani, yeye upande ule, mimi huku, na kile kitambaa chekundu cha mama yako katikati. Tumebishana kuhusu shingo. Ameshinda yeye. Kuhusu kwapa nimeshinda mimi. Kesho asubuhi tunakata, na sijui kama nitapata usingizi kwa furaha.

Huenda nisikuandikie mara kwa mara sasa, maana mikono itakuwa na kazi na nyumba ina mtu wa kusema naye. Usidhani nimekuacha. Nawe huko uliko, nakuomba jambo moja tu, Elius wangu: nikumbuke.

Mkeo,
Esnath